Nani Anayevuta Kamba za Pazia?

Mtazamaji akishakaa kitini, taa zikazimwa na pazia likapanda, macho yake yote huwa kwa mwigizaji. Ndivyo inavyotakiwa. Hakuna anayetoa pesa zake kwenda kumtazama mtu aliyevaa fulana nyeusi akisukuma ukuta wa mbao gizani. Lakini lau mtu huyo hayupo, pazia halipandi, jua halichomozi nyuma ya milima ya turubai, na mfalme wa mchezo atakufa gizani bila ya mtu kumwona.

Makala haya ni ya mtu huyo wa gizani. Nataka kuuliza ni nani humwajiri, na kwa nini katika mji wa New York, kwa zaidi ya miaka mia moja, mtu huyo amekuwa karibu kila mara mzungu, tena mara nyingi mtoto au mpwa wa mzungu mwingine aliyeifanya kazi hiyo hiyo kabla yake.

Najua wako miongoni mwetu wasioipenda michezo ya jukwaani, na kila mtu na rai yake. Hata hivyo ni nani hapa pwani ambaye hajahudhuria taarab ya harusi akamwona yule kijana aliyeinama nyuma ya vipaza sauti, nyaya zimemzunguka miguuni, asiyepigiwa makofi na mtu? Basi watu wa makala haya ni ndugu zake yule.

KAMBA ZA MABAHARIA

Kazi yenyewe haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Yasemekana kwamba zamani, katika miji ya bandari ya Ulaya, wenye majumba ya michezo walikuwa wakiwachukua mabaharia waliokuwa pwani wakingojea safari. Kwani ni nani mwingine ajuaye fundo lipi halifunguki na lipi hufunguka kwa mvuto mmoja? Nani awezaye kupanda juu gizani bila kizunguzungu, akapandisha turubai lenye uzito wa watu watatu? Mzee wa Mji wa Kale aliyewahi kuvuta henza na kuipandisha foromali mpaka kileleni mwa mlingoti angeingia nyuma ya jukwaa lolote la New York akaielewa kazi kabla ya kuelezwa. Juu kuna makapi, kamba hupita katika makapi, na upande wa pili wa kamba pana vipande vya chuma vya kusawazisha uzito. Hadi leo kundi la mafundi hao huitwa kwa neno lile lile la Kiingereza liitwalo mabaharia wa meli, na sakafu ya jukwaa kwa neno la sitaha.

Kupiga mbinja nyuma ya jukwaa ni mwiko mkubwa. Husimuliwa kwamba mabaharia walikuwa wakipeana ishara kwa mbinja, na mtu mmoja apigaye ovyo aliweza kumfanya mwenzake aliyeko juu aachie mzigo ukamwangukia mtu kichwani.

Nimeutaja uzito huo makusudi, kwa kuwa ndiyo hoja ya kwanza ya wale waliojifungia kazi hii. Nahodha wa jahazi hakumchukua baharia asiyemjua. Alimchukua nduguye, mtoto wa jirani, mtu aliyemwona akikua, kwa sababu usiku wa dhoruba roho yake itakuwa mikononi mwa mtu huyo. Fundi wa jukwaa naye husema vivyo hivyo: tani za mbao na chuma zinaning'inia juu ya vichwa vya waigizaji ishirini, nami nimpe kamba mtu nisiyemjua baba yake?

Hoja hiyo si ya upuuzi, wala sitaki msomaji aitupe upesi. Tutairudia.

CHAMA NA KADI YAKE

Mafundi wa jukwaa wa New York waliunda chama chao mwaka 1886. Miaka saba baadaye, mwaka 1893, vyama vya miji mbalimbali viliungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima, kijulikanacho kwa kifupi cha IATSE, na kile cha New York kikawa tawi nambari moja. Wanachama wake walikuwa watu wa kazi za mkono, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya, na walikuwa na haki ya kuungana. Hapana mtu awezaye kuwalaumu kwa hilo.

Chama kilifanikiwa, na mafanikio yake yalikuwa makubwa kupita yalivyofikiriwa. Mwaka 2007, kwa mara ya kwanza katika miaka 121 ya tawi hilo, mafundi wa kumbi za Broadway waligoma. Mgomo ulianza tarehe 10 Novemba ukaendelea siku 19, na sehemu kubwa ya Broadway ikawa giza katika msimu wenye wageni wengi. Mwaka 2013 waligoma katika ukumbi mashuhuri wa muziki wa Carnegie Hall, usiku wa ufunguzi wa msimu ukavunjwa, na ndipo watu wa kawaida walipopata kusoma magazetini kwamba baadhi ya mafundi wa ukumbi ule walikuwa wakilipwa zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka pamoja na saa za ziada. Wanamuziki wengi waliokuwa wakipanda jukwaani pale hawakuzikaribia pesa hizo.

Si kila fundi hupata mshahara wa namna hiyo. Wako wengi waishio kwa kuitwa leo na kukaa nyumbani kesho. Lakini fahamu jambo hili, ndugu msomaji: mlango ukiwa na thamani hiyo, watu waliomo ndani hawatauacha wazi.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Broadway ina kumbi 41. Shubert anazo 17, Nederlander 9, na tano zilikuwa za Jujamcyn hadi mwaka 2023. Kila ukumbi una wakuu wake wa kudumu: mkuu wa maseremala, mkuu wa mafundi wa umeme, mkuu wa vyombo vya mchezo. Mchezo mpya ukija, watu hao wapo, na ukiondoka, bado wapo. Sasa malori ya mchezo mpya yanapowasili na kazi ya kupakua ikahitaji mikono thelathini au arobaini, mkuu hushika simu. Humpigia nani? Humpigia amjuaye. Na yule aliyeitwa leo, kesho ana siku moja zaidi ya kazi katika hesabu yake, na siku zikijaa anaweza kupata kadi ya chama, na akishapata kadi ataitwa kabla ya wasio nayo.

Watu wa Mombasa hatuhitaji kufunzwa somo hili. Wazee wetu waliosimama langoni mwa bandari alfajiri, wakingojea msimamizi wa genge la makuli anyoshe kidole, wanajua kwamba kidole hakikunyoshewa mwenye misuli minene. Kilinyoshewa mwenye mtu wake ndani.

SI SHAMBA LA MINAZI

Hivyo ndivyo kadi ya chama ilivyogeuka kuwa kama hati ya shamba. Baba alipozeeka mwanawe alishika mahali pake, na asiye na mwana alimleta mpwa au mkwe. Ziko familia huko New York zenye vizazi vitatu au vinne vya watu wa nyuma ya jukwaa, na wanajivunia jambo hilo waziwazi.

Mimi binafsi sioni aibu katika ufundi wa kurithishana. Wachongaji wa milango wa Lamu walifunzana baba kwa mwana, na waunda majahazi pia. Lakini seremala wa Lamu alimrithisha mwanawe patasi na ujuzi. Mteja alibaki huru kwenda kwa mwingine, na mtoto wa jirani aliweza kuja kukaa barazani akajifunza. Kazi ya kuajiriwa katika nyumba ya mtu mwingine, ambayo chama kimeshika ufunguo wake na asiye na kadi haruhusiwi hata kugusa nyundo, hiyo ni habari nyingine. Hilo si shamba la minazi aliloacha marehemu hata liingie katika faraidhi na kila mrithi apewe fungu lake.

Halafu tazama hesabu yenyewe inavyokwenda. Kama kundi la kwanza la mwaka 1886 lilikuwa la wazungu, na kila mmoja akamleta mwanawe, basi miaka mia haitaleta mtu mweusi hata mmoja, na hakuna aliyelazimika kutamka neno baya wala kuandika kibao cha kukataza. Ndiyo maana ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuushika. Ukimwuliza mkuu wa maseremala, ataapa kwamba hamchukii mtu, na huenda anasema kweli.

Ijapokuwa katika miaka ya zamani hata uficho huo haukuhitajika. Katika baadhi ya miji Wamarekani weusi wa kazi hizi waliwekwa katika matawi yao mbali, yasiyo na nguvu, yakihudumia kumbi za mitaa yao tu.

HARLEM, MWAKA 1936

Walipopata nafasi, ilikuwa kwa mkono wa serikali. Wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, mwaka 1935, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwaajiri watu wa michezo ya kuigiza waliokosa kazi. Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, ulipata kitengo chake katika ukumbi wa Lafayette, na tarehe 14 Aprili 1936 kitengo hicho kikaonyesha Macbeth wa Shakespeare. Mwelekezi alikuwa kijana mzungu wa miaka 20 aitwaye Orson Welles. Uskochi aliitupa, hadithi akaihamishia Haiti, na akaweka wapiga ngoma Waafrika, akiwamo Asadata Dafora wa Sierra Leone. Usiku wa kwanza watu walijaa barabarani mpaka magari hayakuweza kupita.

Habari hiyo husimuliwa sana kwa sababu ya waigizaji. Kinachosahauliwa ni kwamba mpango ule ulilipa pia mishahara ya watu weusi waliokuwa nyuma ya pazia: maseremala, washonaji wa mavazi, wachoraji wa mandhari, mafundi wa taa. Walipata kushika vyombo ambavyo katika Broadway, safari fupi ya treni kutoka pale, wasingeruhusiwa kuvigusa. Mwaka 1939 Bunge la Marekani lilikata fedha na mpango ukafa. Mafundi wale wakarudi mitaani na ujuzi wao mikononi.

Mwaka huo huo wa 1939 mchoraji mweusi, Perry Watkins, alitengeneza mandhari ya mchezo wa Mamba's Daughters, alioigiza Ethel Waters, akawa mtu mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo Broadway. Halafu pakawa kimya kirefu. Watu weusi waliimba na kucheza Broadway miaka yote iliyofuata na wakapigiwa makofi, lakini waliowaangazia, waliowavisha na waliowafungulia pazia walibaki wale wale.

SHERIA YABISHA HODI

Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilivigusa vyama vya wafanyakazi kama ilivyowagusa waajiri. Na hoja ya baba na mwana ilifikishwa mahakamani mapema, ingawa si na watu wa michezo. Mwaka 1969 mahakama ya rufani iliamua juu ya chama cha mafundi wa New Orleans waliokuwa wakifunika mabomba kwa asbesto. Chama kile kilikuwa kikimpokea tu aliye jamaa ya mwanachama. Mahakama ikasema kwamba ikiwa wanachama wote ni wazungu, kumtaka mtu awe jamaa yao ni sawa na kumtaka awe mzungu. Katika New York kwenyewe chama cha mafundi wa mabati, tawi la 28, kilivutana na wakuu wa sheria zaidi ya miaka ishirini juu ya jambo hilo hilo, mpaka mwaka 1986 Mahakama Kuu ya nchi ikakubali kipewe lengo la kufikia asilimia 29 ya wanachama wasio wazungu.

Kwa upande wa sinema, wakaguzi wa serikali walikwenda Los Angeles mwaka 1969 kuwasikiliza wenye studio na vyama vyao, na mwaka uliofuata mapatano yakafanywa. Walichokikuta kule ni kichekesho kama si msiba. Palikuwa na orodha ya watu wenye uzoefu, na kazi ilitolewa kwanza kwa waliomo katika orodha. Je, mtu aliingiaje katika orodha? Kwa kufanya kazi. Na kazi aliipataje? Kwa kuwamo katika orodha. Kuku na yai, na wote wawili wamefungiwa ndani ya banda moja.

Waliovunja mlango mmoja mmoja walikuwako. Mwaka 1967 kikundi cha Negro Ensemble Company kilianzishwa New York, nacho hakikufunza waigizaji tu bali na watu wa nyuma ya jukwaa, maana waanzilishi walikwishafahamu kwamba ukiwa na waigizaji peke yao umejenga nusu ya nyumba. Mmoja wa waliofanya kazi huko ni Bi. Shirley Prendergast. Mwaka 1969 alikubaliwa katika chama cha wabunifu wa jukwaa upande wa taa, mwanamke mweusi wa kwanza kufika hapo. Mwezi Machi 1973 mchezo wa The River Niger ulihamia Broadway, katika ukumbi wa Brooks Atkinson, na taa zake zilikuwa kazi ya Bi. Prendergast. Hapakuwa na mwanamke mweusi aliyemtangulia. Naomba msomaji aukumbuke ukumbi huo.

NYWELE, NGOZI NA SOKSI

Yuko atakayesema: pazia ni pazia, kamba haina rangi, na mtazamaji hapungukiwi na kitu kama aliyeivuta ni Mwairishi au Mwafrika. Kwa kamba, nakubali. Kwa mengine hapana.

Chukua taa. Taa iliyopangwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, ikimwangukia mtu mweusi, humfanya awe kivuli mwenye meno. Siyo kosa la ngozi. Ngozi nyeusi hupokea mwanga kwa namna yake, inataka rangi nyingine za vioo mbele ya taa na mwanga utokao pembeni, na fundi aliyekulia miongoni mwa watu weusi hahitaji kuambiwa kwamba weusi una aina nyingi, kama sisi tujuavyo kutofautisha maji ya kunde na mweusi tititi.

Chukua nywele. Kila jioni katika kumbi hizo wako wasusi na watengeneza nywele, nao pia ni wa chama. Waigizaji wengi weusi wa Marekani wamelalamika kwamba walipewa mtu asiyejua nywele zao zishikwe vipi, wakaishia kujisuka wenyewe nyumbani kabla ya kuja kazini, bila malipo, huku wenzao wazungu wamekaa kitini wakitengenezwa. Mama yeyote wa hapa pwani anayejua tofauti ya nywele za singa na za kipilipili, na mafuta ya nazi yapakwe lini, atastaajabu kusikia kwamba katika mji wenye fedha kama ule jambo hili lilihitaji kuandikwa katika mapatano.

Na chukua soksi ndefu za wacheza ngoma ya ballet. Kwa muda mrefu zilikuwa na rangi moja ya waridi, ikiitwa rangi ya mwili. Mwili wa nani? Kikundi cha Dance Theatre of Harlem cha Arthur Mitchell kiliamua mwaka 1974 kwamba kila mchezaji avae soksi na viatu vya rangi ya ngozi yake mwenyewe. Aliyekaa akavipaka viatu hivyo rangi, kimoja kimoja, alikuwa nyuma ya jukwaa.

MWAKA WA KUMBI TUPU

Tarehe 12 Machi 2020 kumbi zote za Broadway zilifungwa kwa sababu ya Korona. Mwezi Mei mwaka huo askari wa Minneapolis akamwua George Floyd, na Juni watu wa michezo ya kuigiza zaidi ya 300 wasio wazungu wakatia saini barua kali kwa wenye kumbi. Mwezi uliofuata walitoa orodha ndefu ya madai, na safari hii vyama vya mafundi wa nyuma ya jukwaa havikuachwa nje ya lawama. Watu walikuwa nyumbani, hawana mchezo wa kesho wa kukimbilia, wakapata nafasi ya kuulizana mambo ambayo kazi ilikuwa ikiyafunika.

Mtu akitaka kujua kwa nini walikasirika, atazame wasimamizi wa jukwaa. Hawa ndio wanaokaa na kitabu cha mchezo na kutoa amri zote, taa sasa, pazia sasa. Chama chao ni kile cha waigizaji, kilichoundwa mwaka 1913. Chama hicho kilipohesabu waliopata kazi hiyo nchini kati ya 2016 na 2019, kilikuta asilimia 76 ni wazungu. Weusi walikuwa asilimia 2.63. Yaani kati ya wasimamizi mia, weusi hawafiki hata watatu, katika nchi ambayo kati ya watu mia, kumi na watatu hivi ni weusi.

Chama hicho kilifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko matamko yote ya mwaka ule. Mwezi Julai 2021 kilifuta mzunguko wa kuku na yai. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kadi alihitaji mkataba na mwajiri wa chama, na mwajiri wa chama alipendelea wenye kadi. Sasa aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo popote nchini aliweza kuomba na kuingia.

Kwa mafundi wa kamba na umeme mambo yamekwenda polepole zaidi. Tawi la New York lina mtihani wa wanagenzi, nao ni njia safi, kwa kuwa karatasi haimwulizi mtu baba yake. Lakini mtihani huwasaidia waliopata habari kwamba uko. Kijana wa Bronx ambaye hajapata kukutana na fundi wa jukwaa hata mmoja atajuaje siku ya kujiandikisha? Atajuaje hata kwamba kazi hiyo ipo? Hapa ndipo naona kisa chote kilipo. Mlango umefunguliwa, ndiyo, ila umefunguliwa uchochoroni, na wenye kuujua uchochoro ni wale wale wenyeji.

Ndiyo sababu mpango ulioanza mwaka 2016 unastahili kutajwa. Kampuni ya michezo ya Roundabout ilishirikiana na IATSE kuwachukua vijana wa New York wa miaka 18 hadi 24 na kuwafuata kwa miaka mitatu. Kwanza hufunzwa useremala, umeme, sauti, mavazi, kisha hutiwa kazini katika kumbi na kutafutiwa watu wa kuwaongoza. Kwa maneno mengine hupewa kile ambacho mtoto wa fundi hukipata mezani kwa baba yake bila kukiomba: majina ya watu, nambari za simu, na mzee wa kumwambia mkuu wa ukumbi, kijana huyu namjua.

Na hapo ndipo tunapoirudia ile hoja ya nahodha. Ni kweli hutampa kamba usiyemjua. Ila kumjua mtu hakuanzii tumboni mwa mamaye. Huanza siku ya kwanza mnayofanya kazi pamoja, na aliyenyimwa siku hiyo hatajulikana milele. Mabaharia wa majahazi yetu hawakuwa wote wa ukoo mmoja. Wako waliopanda wageni Muscat au Lamu wakashuka ndugu Zanzibar, maana dhoruba moja ilitosha kujulisha nani ni nani.

MAJINA MILANGONI

Mwaka 2021 wenye kumbi, watayarishaji na viongozi wa baadhi ya vyama walitia saini mapatano yaliyoandaliwa na umoja wa wasanii weusi uitwao Black Theatre United. Msimu huo kumbi zilipofunguliwa tena, michezo mipya saba ilikuwa ya waandishi weusi, jambo ambalo halikupata kuonekana. Miongoni mwa ahadi za mapatano ni kwamba kila kampuni kubwa iupe ukumbi wake mmoja jina la msanii mweusi. Jujamcyn walikuwa na August Wilson tangu 2005. Mwaka 2022 Shubert wakauita ukumbi wao mmoja James Earl Jones, na Nederlander wakauchukua ule wa Brooks Atkinson wakauita Lena Horne.

Majina hayo ni heshima, na waliopewa walistahili. Hata hivyo jina la mlangoni hupandishwa siku moja kwa ngazi na kupigwa picha, na kazi ya ndani hutafutiwa watu kila wiki. Tena upepo umebadilika. Tangu Januari 2025 serikali ya Washington imefuta amri na mipango mingi iliyowahimiza waajiri kuwatafuta watu wa kila asili, na kampuni kadhaa kubwa zimepunguza ahadi walizozitoa mwaka 2020 kwa sauti kubwa. Vyama vya wafanyakazi navyo vina wanachama wa siasa zote mbili, na viongozi wake huchaguliwa kwa kura za waliokwisha kuwa na kadi, si za wale walio nje wakingojea.

Ukumbi ule wa Lena Horne ndio ule niliomwomba msomaji aukumbuke. Ndani yake mwaka 1973 taa za Bi. Prendergast ziliwaka usiku baada ya usiku juu ya nyuso za waigizaji weusi, na zikaonekana vizuri. Yeye alifariki mwaka 2019, kabla ya jina la mlangoni kubadilishwa. Mchezo ukimaliza muda wake katika ukumbi kama huo, watazamaji wakishatoka, mapambo hubomolewa, na mwisho taa moja yenye balbu tupu huachwa ikiwaka katikati ya jukwaa ili atakayeingia asitumbukie gizani. Kisha mkuu wa maseremala hutoa simu yake. Wiki ijayo malori ya mchezo mwingine yatakuja, anahitaji watu arobaini, naye anaanza kutafuta majina.